Mafunzo ya Usalama kwa Lugha Isiyo Kiingereza

Nina heshima ya kutangaza kwamba, tangu Juni 2018, kampuni yetu ya kutunza bustani hapa Mansfield, Marekani, imemaliza kabisa tatizo la mawasiliano. Watu wa bima walitaka wakata nyasi wetu, wote wa Mexico, wafundishwe usalama kazini kwa lugha nyingine, maana Kiingereza hawakijui. Mkurugenzi, Bwana Whitcomb, akaniita ofisini.

"Kamugisha, wewe si una lugha nyingine?"

"Ninayo, bosi. Kiswahili."

"Safi. Anza Jumatatu."

Basi nikawa Mratibu Mwandamizi wa Usalama. Mke wangu Joyceline alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Queen, hao wanaongea Kihispania. Huoni hata aibu?"

Nikamweleza kwamba yeye ni nesi, mambo ya sera aniachie mimi.

Mafunzo yalikwenda vizuri mno. Hakuna aliyebisha. Eusebio, dereva wa mashine kubwa ya kukatia nyasi, ile inayoendeshwa kama trekta, alishiriki kuliko wote: kila mara alinivuta mpaka kwenye mashine, akakanyaga breki, akatikisa kichwa. Nikampigia makofi, nikamfundisha kusema, "Breki haishiki." Akairudia, darasa zima likamfuata, huku akinikazia macho. Lafudhi yake ilinifurahisha sana.

Wiki iliyofuata Eusebio akakataa kuiteremsha mashine kwenye mteremko unaoishia bwawani. Bwana Whitcomb akasema apande, la sivyo aende nyumbani na asirudi. Ana watoto watatu. Hata hivyo hakupanda. Roho iliniuma, ila mtaala wangu ulikuwa haujafika kwenye migomo.

"Hebu niwaonyeshe," Mkurugenzi akasema mbele ya mkaguzi wa bima aliyekuwa amekuja siku hiyo. Akapanda mwenyewe.

Mteremko ukamchukua. Wafanyakazi wote wakapaza sauti kwa Kiswahili safi: "Breki haishiki! Breki haishiki!" Bwana Whitcomb akadhani anashangiliwa. Akatupungia mkono, akaingia bwawani na mashine yake.

Tulimtoa mzima, amelowa chapachapa. Mkaguzi akauliza kama alionywa. Nikathibitisha kwamba alionywa, tena kwa lugha rasmi ya usalama ya kampuni. Mkaguzi akaagiza mashine itengenezwe, na asiyepata mafunzo asiguse mtambo wowote. Tulipohakiki, asiyepata mafunzo alikuwa mmoja tu.

Sasa Bwana Whitcomb anakaa kiti cha mbele kila Jumatatu. Kwa agizo la mkaguzi, mwalimu ni Eusebio, anafundisha kwa Kihispania. Mimi nimepangiwa reki ya kukusanyia majani. Juzi Mkurugenzi alinyoosha mkono, akalalamika kwa Kiingereza kwamba haelewi kitu hata kimoja.

Eusebio akampigia makofi, akaendelea na somo.