Chujio Nililomtengenezea Achieng'

Naandika haya suruali yangu ikiwa na tope hadi magotini. Nimeaibika leo darasani, mbele ya wazazi wa gredi ya nne nzima, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Tena nilikuwa nimepiga pasi shati.

Mnaonijua mnajua sikai mahali. Mwaka huu peke yake nimeosha dhahabu Masara, nimebeba mizigo Isebania, nikarudi Masara tena. Binti yangu Achieng', mwenye miaka tisa, anaishi na mama yangu hapa Homa Bay. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo nasoma chochote chenye maandishi. Nasoma mfuko wa saruji. Nasoma karatasi ya dawa ya ng'ombe, na sina ng'ombe.

Karatasi moja tu sikuisoma.

Nilifika nyumbani Jumapili nikaikuta mezani. Kurasa mbili kutoka shuleni: yale ambayo darasa linatarajia kutoka kwa wazazi, na kanuni zake. Achieng' akaniambia, "Baba, Madam anataka uisome halafu utie sahihi."

Nikatia sahihi nimesimama, kikombe cha chai mkono wa pili.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma." (Jumapili. Mchana kweupe.)

Halafu akanionyesha kazi yake ya sayansi. Walikuwa wameambiwa watengeneze chujio la kusafisha maji machafu. Lake lilikuwa chupa ya soda iliyokatwa kitako na kugeuzwa juu chini. Ndani alikuwa ameweka pamba, makaa aliyoyaponda, mchanga, na kokoto juu kabisa. Aliniambia kila darasa litachagua mtoto mmoja wa kwenda kwenye maonyesho ya shule siku ya Ijumaa. Alitaka awe yeye. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikiwa akitaka kitu kikubwa. Kisha akaenda na nyanya yake kwenye mazoezi ya kwaya.

Nikabaki na ile chupa. Niliitazama nikaihurumia. Mtoto wa mtu aliyeosha dhahabu miaka minne aende kwenye maonyesho na chupa ya soda?

Nikatafuta mbao. Nikatafuta misumari. Nikakata kipande cha karpeti la zamani la mama yangu, lile la chini ya kitanda (bado hajajua, naomba msimwambie). Nikatengeneza ubao mrefu ulioinama, wenye kingo pande mbili, karpeti limelazwa juu yake, na ndoo ya kumimina maji kule juu. Kwa wasiojua, hivyo ndivyo tunavyoosha dhahabu. Maji yanateremka na mchanga, kilicho kizito kinanasa kwenye karpeti. Nililijaribu kwa maji safi ya jerikeni. Yakatoka safi. Nikafurahi sana.

Achieng' aliporudi alilizunguka mara moja.

"Baba, hii ni nini?"

"Chujio lako."

"Na langu?"

"Hilo weka kando."

Akaichukua chupa yake, akaingia nayo ndani. Nilidhani ni furaha imemzidi.

Jumatatu asubuhi nililipeleka kwa pikipiki, nimelikumbatia kama mgonjwa, nikamwachia mlinzi wa geti. Nilikuwa nimeliandika jina la Achieng' kwa rangi nyekundu, herufi kubwa.

Leo, Alhamisi, ndiyo ilikuwa siku ya mkutano wa wazazi. Niliwahi ili nikae mstari wa mbele. Ukishakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yako yanakaribia masikio, lakini nilivumilia kwa sababu kutoka pale nililiona chujio letu vizuri. Yale mengine yote yalikuwa chupa na mikebe. Letu lilichukua nusu ya meza. Watoto walikuwa wamesimama nyuma ya kazi zao, na Achieng' alikuwa anatazama sakafu.

Pembeni yangu alikaa Mama Beryl, anayeuza samaki sokoni.

"Wuon Achieng'," akaniita, yaani baba yake Achieng', "hiyo mashua ni ya nani?"

"Ni ya binti yangu. Chujio hilo."

"Mtoto wa miaka tisa amepiga misumari namna hiyo?"

"Ana mkono wa baba yake."

(Hapo sikudanganya. Mkono ulikuwa wa baba yake.)

Mwalimu wao, Madam Akoth, ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, na akiongea hata nzi wanatua. Akaanza kutusomea kanuni moja baada ya nyingine. Mtoto afike shuleni kabla ya kengele. Mzazi apitie ofisini kabla ya kuja darasani. Daftari la mawasiliano lisomwe kila siku. Mimi nikawa natikisa kichwa kila kanuni, mzazi mfano.

Akafika ya nne.

"Kazi ya nyumbani ni ya mtoto. Mzazi atamsaidia kutafuta vifaa, na atamsikiliza akieleza. Kazi iliyofanywa na mzazi haitahesabiwa, wala haitaenda kwenye maonyesho." Akainua macho. "Hii mliisoma nyote. Sahihi zenu ninazo."

Kichwa changu kiliacha kutikisika.

Mama Beryl akanigeukia taratibu. Alitabasamu tu, na huyo mama ana meno mengi.

Madam akaleta ndoo ya maji ya tope, akasema kila mtoto atamimina kidogo kwenye chujio lake na kueleza alivyolitengeneza. Wa kwanza akamimina, maji yakatoka nusu safi. Wa pili yakagoma kutoka. Wa tatu akawa Achieng'.

Alimimina. Maji yalishuka kwenye ubao wangu kwa kasi ambayo Masara wangeipigia makofi. Yakafika mwisho, yakaruka beseni la kuyakingia, yakatua mstari wa mbele. Rangi ya kakao, vile vile yalivyoingia. Mama Beryl alikuwa ameshainua miguu. Mimi nilikuwa nimebanwa na dawati.

Darasa likacheka. Madam hakucheka.

"Achieng', eleza ulivyolitengeneza."

Akanitazama. Ndipo nikaelewa nilichomfanyia. Akisema ni lake, amedanganya mbele ya mwalimu wake. Akisema ni langu, Ijumaa yake imekwisha, na baba yake amevuliwa nguo hadharani. Hakutaka kusema lolote kati ya hayo mawili.

Nikajichomoa kwenye dawati. Dawati likaja nami kidogo.

"Madam, ni mimi. Yeye hakugusa hata msumari. Hakuniomba. Kama kuna wa kuondolewa, niondolewe mimi."

"Karibu mbele basi, Baba Achieng'. Eleza wewe."

Nikasimama pale, maji yakinitoka kwenye kiatu.

"Uchafu unashikwa na nini?"

"Karpeti, Madam."

"Na tope?"

"Tope linapita."

"Linapita liende wapi?"

"Linaenda zake tu. Kule Masara hakuna mtu anayeangalia maji. Macho yote yako kwenye karpeti."

"Kwa hiyo umetengeneza chujio la nini?"

"La dhahabu, Madam."

Kuna baba mmoja nyuma alicheka hadi akaomba ruhusa ya kutoka. Madam akachukua karatasi kutoka kwenye faili.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Tusomee ya nne."

Nikasoma, neno kwa neno, hadi nukta ya mwisho.

"Anasoma vizuri kweli," Mama Beryl akasema. "Shida ni kwamba amechelewa."

Hapo Achieng' akainua mkono. "Madam, langu liko kwenye begi."

Akalitoa. Ile chupa ya soda, imefungwa kwenye sweta. Alikuwa analibeba tangu Jumatatu.

"Kwa nini hukulitoa siku zote hizi?"

"Baba alikuwa amefurahi sana."

Sitasema nilifanya nini baada ya kusikia hilo. Nilikuwa na kitambaa mfukoni, kikatumika.

Alimimina maji. Tukangoja. Darasa zima likawa linasikiliza matone, na kila tone lilianguka kwenye glasi likiwa safi. Akaeleza kila tabaka bila kusoma popote: kokoto inashika nini, mchanga unashika nini, kwa nini makaa lazima yapondwe. Akaongeza kwamba hata hivyo maji lazima yachemshwe kabla ya kunywa.

Mama Beryl, ambaye hajui kunyamaza, akauliza, "Na la baba yako lina kasoro gani?"

"Halina kasoro," Achieng' akasema. "Maji yake yanakimbia, na yakikimbia yanaondoka na tope. Ya kunywa yanatakiwa yashuke polepole. La baba linashika vitu vizito. Kwa dhahabu ni zuri."

Wale wazazi waliokuwa wanacheka wakaacha. Mimi nilisimama pale na tope langu, nikajiona mrefu kuliko mlango.

Madam akafikiri kidogo. "Kazi ya mzazi haihesabiwi," akasema, "kwa hiyo huu ubao sijauona. Ya chupa ni ya mwanafunzi. Achieng', kesho unatuwakilisha." Kisha akanikabidhi kitambaa cha kupangusia sakafu, na wazazi wakanipisha nipanguse vizuri.

Sasa tuko nyumbani. Achieng' anafanya mazoezi ya maelezo yake, mimi ndiye jaji, na nimekatazwa kuongeza hata neno moja. Mnaotaka kucheka, chekeni kimya kimya tafadhali. Amefika kwenye makaa.