Shingo Yangu na Kura za Mafundi

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Kichwa kinauma tena. Kinaanzia nyuma, pale shingo inaposhika fuvu, kinapanda mpaka kwenye jicho la kulia, kinakaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Wiki tatu nimeinamia mashini ya kushona, nashona sare za nusu ya watoto wa Kasongo. Mashati meupe mia moja na arobaini! Makola mia moja na arobaini! Shule zimefunguliwa, watoto wamependeza, mimi nimebaki na kichwa.

Leo saa nne asubuhi Magloire amecheka. Magloire ni fundi kama mimi, meza yake inatazamana na yangu pale sokoni, njia inapita katikati, na huyu mtu anacheka ovyo. Nimegeuka haraka nimtolee jicho. Soko lote likazunguka! Mabati, nyanya, mama wa samaki, vyote vikapita mbele yangu mara mbili. Nikashika mashini kwa mikono miwili. Magloire akauliza kwa sauti kama nimekunywa. Saa nne ya asubuhi! Mimi!

Basi nimeamua. Jumamosi ya tarehe 21 chama chetu cha mafundi wa kushona kinachagua prezida, na Magloire ameshajiandikisha. Kesho najiandikisha mimi. Nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii. Mimi, Aristote mzima, siwezi kuongozwa na mtu anayeshona mifuko ya suruali kama amefumba macho.

Jumatano, tarehe 11

Nimejiandikisha jana. Makofi hayakuwa mengi, lakini yalikuwa ya moyo.

Leo Marcelline, mke wangu, amenikokota mpaka kituo cha afya. Kisa, asubuhi kikombe cha chai kilianguka kutoka mkono wangu wa kulia. Nilimwambia kikombe kile kinateleza. Akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanamke huyu ana methali kwa kila kikombe.

Muganga Sumaili amenishika kichwa, akakigeuza kulia polepole. Ukuta ukatembea. Akakigeuza kushoto. Vidole vya mkono vikawasha kama nimekamata upupu. Akaniambia eti mifupa ya shingo yangu imechakaa kwa kuinama, imebana njia. Mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi unabanwa, ndiyo ganzi. Mshipa wa damu unaopanda nyuma ya kichwa nao unabanwa kila nikigeuka, ndiyo kizunguzungu. Akasema nikiendelea hivi vidole vinaweza kufa moja kwa moja, na fundi bila vidole ni mtu wa kawaida tu.

Halafu makatazo! Nisiinamie mashini zaidi ya nusu saa. Nisibebe kitu kichwani. Nisipande pikipiki. Niweke matofali chini ya miguu ya meza ili ipande. Hapo nilikataa palepale. Magloire ana matofali chini ya meza yake tangu Pasaka, watu watasema nimemuiga.

Mwisho akauliza nasalimia watu namna gani. Nikasema kama binadamu: kichwa kwa kichwa, upande huu, upande ule, halafu paji kwa paji. Akasema hiyo nayo niache. Nikamuuliza yeye amezaliwa wapi! Kandida asiyesalimia kwa kichwa anapigiwa kura na nani? Mkono wanapewa watoto na wageni. Mtu mzima unampa kichwa, ajue humfichi kitu.

Amenifunga minerve, kola nene ya sponji inayokamata shingo isigeuke. Wiki sita, amesema. Uchaguzi uko baada ya siku kumi. Huyu muganga hajui hesabu.

Alhamisi, tarehe 12

Siku mbaya. Nimeenda sokoni na minerve kwa sababu Marcelline alinisindikiza mpaka mezani na akakataa kuondoka.

Saa tatu akaja Muzee Iliasi. Huyu ndiye mkubwa wetu, alishona kanzu za baba zetu, na akipiga kura yeye, nusu ya soko inamfuata. Akaleta kichwa. Mimi nikatoa mkono. Mkono! Kwa Muzee Iliasi! Akauangalia ule mkono. Akaangalia uso wangu, ambao haukuweza hata kuinama kidogo kwa heshima. Akasema taratibu kwamba amefurahi kuonana na prezida, yeye hakujua kura zimeshahesabiwa. Akavuka njia. Magloire akampa kichwa mara tatu, halafu tena mara tatu, mnafiki yule!

Nikang'oa minerve. Marcelline akapiga kelele. Nikamkimbilia muzee, nikamwita, akageuka, nikampa upande huu, nikampa upande ule. Paji sikulifikia. Dunia ilikimbia, mimi nikaikosa, nikaangukia meza ya Mama Chadia, muuza mandazi. Mama Chadia amesema mengi, machache ya heri. Muzee amesema walau sasa nimeinama.

Ijumaa, tarehe 13

Akili imerudi! Tatizo si minerve. Tatizo ni kwamba minerve inaonekana. Nimeshona shati lenye kola ya kusimama mpaka karibu na masikio, kitenge cha zambarau nje, sponji ndani. Nikalivaa, nikatembea soko zima. Nikatangaza kwamba ni mtindo mpya wa Kinshasa, na kule wakubwa hawagongani tena vichwa, wanaweka mkono kifuani, yamekwisha. Serge wa ofisi ya teritwari, yaani wilaya, akaagiza shati moja hapohapo! Wengine wakaanza kuweka mikono kifuani. Nilitaka kuimba.

Kufika saa kumi, Magloire ameeneza kwamba ninaficha rovu. Kabla ya saa kumi na moja rovu likawa kidonda. Kisha kidonda kikawa cha kuambukiza. Serge amerudi kusema tungoje kwanza. Watu wananisalimia kwa mbali, mkono kifuani na mguu nyuma. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kiko ng'ambo ya njia, kimekaa juu ya matofali!

Jumanne, tarehe 17

Nimerudi kutoka Wamaza, mshindi!

Kule teritwari ya Kabambare chama chetu kina mafundi tisa, wote wako Wamaza, na wote wanakuja kupiga kura Jumamosi. Magloire hawezi kuwafuata, anaogopa madaraja ya miti. Mimi siogopi kitu. Jumapili baada ya misa nilimwambia Marcelline naenda kutafuta uzi mzuri, nikaacha minerve chini ya kitanda, nikapanda pikipiki ya Zuberi, mbeba abiria. Nilimuuliza Zuberi habari ya njia. Akasema "njia iko muzuri, papa." Bongo, uongo mtupu! Mvua zimeanza. Ni shimo, kisha shimo, kisha mto ambao zamani ulikuwa shimo. Kila moja nimelisikia shingoni, halafu machoni, halafu kwenye ncha za vidole.

Tisa wote nimewasalimu kwa kichwa. Tisa mara tatu ni ishirini na saba. Kwenye mgongano wa kumi na tano nilimwona Moussa, fundi wa kanzu, akiwa wawili. Nikasalimia wote wawili, kandida hachagui. Baada ya mgongano wa ishirini na saba nikaenda kutapika nyuma ya nyumba. Walipouliza nina nini, nikasema upendo wa watu wa Wamaza umenijaa mpaka shingoni. Wakaguswa sana. Mama mmoja alinipa kuku. Kura tisa!

Jambo moja dogo. Waliniletea daftari la wageni nisaini, kalamu ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Nimeweka kidole gumba kama mtu asiyesoma. Kalamu za kule ni mbovu.

Alhamisi, tarehe 19

Hii naiandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala. Vidole vitatu vya mkono wa kulia sivisikii. Viko, naviona, lakini ni kama vya mtu mwingine. Leo nimejichoma sindano, nikajua tu kwa kuona damu kwenye kitambaa cheupe. Tangu saa mbili mpaka saa tatu na nusu nimejaribu kutunga uzi mmoja. Nimeshona mkono wa shati kwenye kiuno.

Naogopa. Nasema wazi kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Baba alinikalisha kwenye mashini nikiwa kijana, sijui kazi nyingine yoyote. Hata kulima najua kwa kuangalia tu. Vidole hivi vikifa, nitakula nini, nitakuwa nani?

Marcelline amekuja na chakula, akaniona napambana na ule uzi. Hakutoa methali. Alichukua sindano, akatunga, akanirudishia. Hapo ndipo nilitaka kulia. Sikulia. Ulikuwa moshi wa Mama Chadia.

Kisha akaniita Baba Naomie, kwa jina la binti yetu, jina ambalo analitumia tu akiwa na huruma au hasira. Akasema watu watachagua prezida wa mafundi asiyeweza kushika sindano. Nikamjibu prezida hashiki sindano, anashika muhuri! Akauliza kwa mkono gani. Maswali ya siasa hayajibiwi ovyo.

Jumamosi, tarehe 21

Uchaguzi. Desturi ya chama: kabla ya kura, kila kandida anawapa wenzake wote kichwa, mmoja mmoja, hata mpinzani wake. Ukiondoa mimi walikuwa arobaini na mmoja. Mara tatu, mia moja na ishirini na tatu! Marcelline alisema nikae nyumbani. Nikamwambia afadhali nife nimesimama.

Nilikuwa na mpango. Kusimama mlangoni bila kugeuka hata kidogo, macho mbele, shingo imekaza. Wanaoingia ndio wazungushe vichwa vyao kuuzunguka wangu. Shingo inapumzika, kura zinaingia. Mpango ulikwenda vizuri kwa watu kumi na tisa! Wa ishirini alikuwa Muzee Iliasi. Muzee ni mfupi. Kwa mfupi lazima uiname. Nikainama. Sikuinuka.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye benchi, kichwa changu kimelala kwenye mapaja ya mtu anayenipepea. Nikasema asante Marcelline. Alikuwa Magloire! Ananipepea na karatasi za kura! Alikuwa anafokea watu waniachie hewa, na machozi yanamtoka mbele ya wote. Nimeona wanasiasa wengi, lakini huyu ni hatari.

Matokeo: Magloire thelathini na mbili, mimi kumi. Tisa wa Wamaza, na mimi mwenyewe, niliyepiga kura nimelala.

Ngoja sasa. Prezida mpya akasimama. Uamuzi wake wa kwanza: mtu mwenye shingo mbovu asigongwe kichwa, aweke mkono kifuani. Wazo langu! La Kinshasa! Uamuzi wa pili: ile meza mpya ya chama, iliyoinuka, nipewe mimi, na kazi zangu wenzangu wazishone kwa zamu mpaka mkono urudi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikafungua mdomo nikatae kwa heshima yangu. Marcelline alikuwa ameshakubali, ameshashukuru, ameshashika meza upande mmoja. Muzee Iliasi akanikumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali. Nimekubali kwamba walihesabu vibaya.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Wiki tatu sijaandika. Marcelline alificha kalamu pamoja na viatu vyangu. Minerve asubuhi mpaka jioni, meza ya juu, nusu saa kazi, nusu saa kutazama watu wakipita. Muganga Sumaili akaja na mazoezi ya mabega. Nimetii kwa sababu nilibaki na ndala, na ndala hazifiki mbali kuliko soko.

Leo asubuhi nimetunga uzi. Mara ya kwanza! Kwa mkono wa kulia! Nikajichoma makusudi kwenye kidole cha kati, nikasikia. Iliuma vizuri sana! Nimepiga kelele mpaka soko likasimama. Mama Chadia amenipa andazi. Magloire alivuka njia mbio, akaweka mkono kifuani, na uso wake umejaa furaha. Sijui anatafuta nini tena, ameshachaguliwa.

Muganga amesema ni minerve na kupumzika, na kwamba zimebaki wiki tatu nyingine. Nimemwacha aseme. Mimi nimefikiri kwa makini. Mkono ulikufa wakati wa kampeni. Kampeni imekwisha, mkono umefufuka. Kwa hiyo shingo haikuhusika kabisa! Ulikuwa ni wasiwasi kwamba Magloire atashinda. Ameshashinda, wasiwasi hauna kazi tena. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaelewa.

Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimesikia mafundi wa Kabambare mjini wanaanzisha chama chao wenyewe, na Jumatano wanatafuta prezida. Wako sitini na wawili. Hawanijui, yaani hawana neno baya juu yangu. Viatu nimevipata ndani ya pipa la mchele. Minerve nimeiweka humo badala yake, uzito ni karibu uleule. Marcelline yuko shambani. Zuberi ameshafika na pikipiki, anasema njia imetengenezwa.

Amepiga honi. Nimegeuka haraka dirishani kumwambia nakuja. Chumba chote kikazunguka, kitanda kikapita mbele yangu mara mbili, kalamu ikanitoka.

Msingi wa nyumba hii ni mbaya. Nikirudi nitaongea na mwenye nyumba.