Darubini ya Kamati ya Magoti

Wananchi wa Mara walitangaziwa habari njema: sukari haipo, sabuni haipo, lakini darubini imefika.

Ilikuwa na vioo vya kisasa, alieleza Mheshimiwa Machage, mwenyekiti wa Kamati ya Magoti na Uadilifu. Ukiweka tone la maji ya goti, chembe za ugonjwa wa jongo zinang'aa kama sindano. Na kwa kuwa jongo huletwa na nyama na bia, na vyote vimeadimika, basi mwenye kung'aa ni mlanguzi. Ng'ombe wake watachukuliwa kwa manufaa ya umma.

Bibi Boke wa kijiji cha Buswahili aliitwa Musoma kwa kosa la kuchechemea. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na maziwa yake ndiyo uji wa wajukuu.

"Bibi, unakulaga nyama?" aliuliza Mheshimiwa.

"Nilikulaga Pasaka, mwanangu. Mifupa."

"Taja uliokula nao!"

"Paka."

Katibu akaandika: mtandao.

Felisian, mpimaji wa maabara, alimkunjia bibi koti lake chini ya mguu, akasugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa. Huyu kalelewa, aliwaza bibi, ingawa moyo ulikuwa zizini.

Sindano ikainuliwa.

"Acha!" alifoka Mheshimiwa. "Darubini haijazinduliwa!"

Kweli. Tangu lini mali ya umma ikatumika kabla ya mgeni rasmi? Barabara hukatiwa utepe, kisima huonjwa maji. Darubini, kamati iliamua baada ya majadiliano marefu, huzinduliwa kwa goti. Mheshimiwa akapandisha suruali. Goti lake lilikuwa limevimba kama boga, kwa sababu ya vikao.

Felisian alivuta tone, akachungulia, akanong'ona jibu.

"Sema kwa sauti, wananchi wasikie!"

"Zinang'aa, mheshimiwa. Tele."

"Makofi!"

Wakapiga mpaka viganja vikawasha. Hapo ndipo Mheshimiwa alipokumbuka kanuni yake mwenyewe ya wenye kung'aa.

"Sindano ya uzinduzi haihesabiki," alisema.

Wajumbe wakatazamana. Katika kila kikao yeye alikula mbavu, wao wakanywa mchuzi.

"Tumeshapiga makofi, mheshimiwa," alisema katibu kwa huzuni kubwa. "Hoja imepita."

Maji ya goti la Bibi Boke hayakuwa na chembe hata moja. "Ni jembe tu, bibi," alisema Felisian. "Nenda ukakamue."

Mheshimiwa alijaribu kusimama, akagumia. Bibi Boke akamwonea huruma, akampa bega.

"Egemea hapa, baba, nikufikishe kwenye lori la kwenda kwako Bunda. Usiwe na haraka. Ng'ombe wako ni wengi, utawakuta bado wanatolewa zizini."