Mzabibu Wangu wa Kwenye Minyaa

Jumatatu, 3 Machi

Lusia bado yuko kwao. Kwao ni ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa, namsikia hadi akipiga chafya, lakini kwao ni kwao. Aliondoka kwa sababu ya mawe niliyorudi nayo kutoka machimbo ya Mwakitolyo. Alinikuta nayachemsha kwenye sufuria yake ya wali, nione kama dhahabu itaelea. Haikuelea. Baba mkwe, Mzee Makoye, amesema mke wangu harudi mpaka nionyeshe kazi inayoeleweka.

Leo nimeiona kazi hiyo. Inatambaa juu ya minyaa! Ina vikono vya kujishikilia, ina vishada, ina matunda ya mviringo yanayotoka ukijani kwenda zambarau. Zabibu. Watu wa Dodoma wanazihangaikia, mimi zimenifuata zenyewe hapa Tinde.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda dukani kwa Nadeem kulinganisha. Anauza juisi za pakiti zenye picha ya zabibu na jani lake. Jani la pakiti limegawanyika kama kiganja. Langu ni zima, nene, linateleza. Nadeem akasema havifanani hata kidogo. Nikamjibu kwamba hata mimi sifanani na picha ya kitambulisho changu, na bado ni mimi.

Akauliza kuhusu maua. Dada yake Rukhsana ameolewa Dodoma na ana mizabibu uani, basi Nadeem anajiona profesa. Eti ua la mzabibu lina petali tano, na hudondoka pamoja kama kofia ndogo. Nimerudi nyumbani kuhesabu. Nne. Ua la pili, nne. Yote nne nne. Huku kwetu kuna upepo mkali, ya tano haiwezi kukaa.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe ameanza. Kwa heshima zetu sisemezani naye wala simtazami usoni. Tangu nimuoe binti yake namjua zaidi kwa kanga zake kuliko kwa sura. Akitaka nisikie jambo, humwambia kuku.

Leo nikiwa nachuma upande wangu, akamweleza tetea wake, kwa sauti ya kufika Ibadakuli, kwamba hizo si zabibu. Ni mmea wa porini. Utotoni, wakichunga ng'ombe, walikuwa wanashindana nani atathubutu kuuonja, na aliyeonja koo lilimwasha hadi jioni. Tetea hakujibu. Mimi pia sikujibu, adabu hairuhusu. Tena kusikiliza mazungumzo ya mkwe na kuku wake ni utovu wa adabu vilevile. Nikaendelea kuchuma.

Utomvu wa minyaa umenirukia jichoni. Naandika kwa jicho moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea Nadeem tunda aonje. Amekataa, yuko kwenye mfungo. Kisingizio kizuri. Akalipasua kwa kisu cha kukatia sabuni. Ndani, mbegu moja kubwa. Akasema zabibu yenye mbegu huwa na vijimbegu viwili au vitatu. Nikamwambia basi yangu ni bora, haina mambo mengi. Wivu unamtafuna. Anajua pakiti zake zitadoda.

Nimeonja moja mwenyewe. Tamu mwanzoni. Halafu ulimi ukaanza kuchoma. Ni utomvu wa minyaa uliobaki vidoleni, si kingine. Nimekamua jagi zima, nimechujia kitambaa cha Lusia cha kufunikia vyombo. Kesho ukweni.

Ijumaa, 7 Machi

Nilivaa shati la harusi. Nikamweleza Mzee Makoye habari za shamba la zabibu, na kwamba bila Lusia sina hata wa kumwonyesha. Hilo la mwisho halikuwa kwenye mpango, lilitoka lenyewe. Nyuma ya mlango mama mkwe alikuwa anamsihi kuku.

Mzee akasema mwenye juisi atangulie. Lusia akanitikisia kichwa, taratibu, nisinywe. Ningeweza kuomba radhi na kumwaga. Nikanywa kikombe chote. Mzee kuona vile, naye akanywa chake.

Koo liliwaka kama nimemeza siafu. Mzee akasimama kutoa hukumu, ikatoka hewa. Nikajitetea, hewa. Tukabaki tunafungua na kufunga midomo kama sato nje ya maji. Lusia alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na hamu na kicheko kile. Kukisikia kutoka ng'ambo ya uzio si sawa na kukiona.

Mama mkwe alimkumbusha kuku kwamba yeye alisema.

Jumapili, 9 Machi

Lusia amerudi! Mzee hakukataa, hana sauti ya kukatalia. Lusia alibeba begi lake mwenyewe, akaliweka juu ya kabati, akanipikia uji na kuupoza. Amesema tangu tuoane hajawahi kumaliza siku nzima bila kusikia mpango. Amesema mume wa namna hii anaweza kuzeeka naye. Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni tulikaa mlangoni tukichambua choroko, kimya. Sijawahi kuwa na raha hivi. Nimeapa moyoni, mipango basi.

Jumanne, 11 Machi

Sauti imerudi leo asubuhi, nikiwa nyuma ya choo. Pale ukutani kuna mmea unapanda. Jani lina ncha tatu. Ua ni jeupe, katikati zambarau. Tunda ni dogo, limefunikwa na nyuzi za kijani kama wavu. Pesheni, bila shaka yoyote. Jani ukilisugua linanuka vibaya, lakini choo kiko karibu.

Nimekimbia ndani nikamweleza Lusia yote, bila kupumua. Shamba. Juisi. Jina letu kwenye pakiti. Ng'ambo ya minyaa mama mkwe tayari anamwita kuku.

Lusia amepanda juu ya kiti, ameshusha begi lake. Mke mwenye akili huyu. Mavuno yote yataenea humo.