Risasi Zilizoiva Kwenye Oveni ya Mama Neema

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Na mbele ya mama mkwe.

Wengi wenu mnajua nina bunduki ya marehemu baba. Ya halali, ina kibali, natishia nayo ngedere shambani Kikwe. Tatizo ni risasi, hazipatikani kirahisi. Basi miezi miwili hii nimekuwa nikitazama video za Wazungu wanaojaza risasi upya nyumbani kwao. Kuna babu mmoja wa ndevu nyeupe, anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anatia baruti na kichwa kipya, huku anakunywa kahawa. Nikasema, kama babu yule anaweza, mimi fundi umeme mwenye cheti nishindwe? (Ndiyo. Nishindwe.)

Kibali cha kumiliki bunduki ninacho. Kama kuna kingine cha kutengeneza risasi, sikuuliza. Niliogopa kujibiwa.

Rafiki yangu Loi wa Usa River, aliyewahi kubeba mizigo ya wawindaji, akanipa maganda ya shaba nusu kiroba. Ya siku nyingi, yamechakaa.

"Yote matupu, kaka?"

"Matupu kabisa. Ningekuwa na nzima ningekupa wewe?"

Sikukagua. Nawaambia ukweli: sikukagua hata moja.

Leo Jumamosi jumuiya ilikuwa inasali kwetu saa kumi. Mke wangu, Mama Neema, akaenda sokoni mapema. Mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Machame, alikuwa amelala. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamwaga maganda yote kwenye beseni, nikayavuruga kwa ndimu na sabuni, yakang'aa kama vikombe vya harusi. Yakabaki kukauka. Jua? Huku kwetu Kijenge leo ni ukungu na manyunyu tangu asubuhi. Nikayatandaza kwenye trei ya keki, nikayaingiza kwenye oveni, moto mdogo kabisa.

Mara mlango ukagongwa. Wanajumuiya wamewahi! Nikakimbilia viti, nikasahau kila kitu.

Mama Neema akarudi, akachungulia sebuleni. "Baba Neema, mbona oveni inawaka?"

Hapa ndipo ningesema ukweli.

"Nakupashia, mama. Si utaoka kuku?"

Akatabasamu! Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumpashia hata chai. Akaongeza moto hadi mwisho, akaja kukaa kwenye ibada.

Mama mkwe naye akaamka, tukaimba. Mzee Kaaya, mzee wa kanisa wetu, akasimama kuomba. Ana sauti nzito, anaomba taratibu, hana haraka na mtu.

"Ee Bwana, uilinde nyumba hii na hatari zote, tunazoziona na tusizo..."

PAAA!

Mlango wa oveni ukafunguka wenyewe. Moshi. Mama mkwe alikuwa chini ya meza kabla mwangwi haujaisha, na kitabu cha nyimbo kichwani.

"Yesu wangu! Nauawa kwa mkwe!"

PAAA! Ya pili. Kumbe kwenye yale matupu mlikuwa na nzima. Mzee Kaaya hakusema amina. Alitokea mlango wa nyuma, akapita katikati ya sukuma wiki zetu, na lile goti lake bovu linalomfanya achechemee kila Jumapili.

Nikatambaa hadi kwenye mtungi, nikafunga gesi. Hakuna aliyeumia, na hilo nitamshukuru Mungu hadi nazikwa. Kisha nikabaki nimelala pale sakafuni, maana sikuona sababu ya kuinuka.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Alishapiga simu polisi. Wakafika mbio mbio wakidhani ni majambazi.

"Nani amepiga risasi?"

"Hakuna aliyepiga, afande."

"Zimelia zenyewe?"

"Zilikuwa..." Nikatafuta neno. Jumuiya nzima inaniangalia. "Zilikuwa zinaiva, afande."

"Zinaiva?"

"Kwenye oveni."

Mama mmoja wa kwaya akacheka kwa pua, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Hata askari wa nyuma aligeukia ukutani, mabega yanaruka.

Afande mkubwa hakucheka. "Kwa hiyo unatengeneza risasi nyumbani?"

"Bado, afande. Nilikuwa hatua ya kwanza. Kuosha."

"Kibali cha hatua ya kwanza kiko wapi?"

Nikaangalia viatu vyangu. (Nilikuwa peku.)

Wakabeba maganda, na trei, na bunduki. Hapo kicheko kikaisha kwa kila mtu. Baba aliitunza ile bunduki miaka yote, hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Mimi nimeipoteza kwa mchana mmoja, kwa ndimu na sabuni. Niliandika maelezo kituoni, nikaachiwa kwa dhamana, Jumatatu naripoti. Nilipouliza kama nitarudishiwa, afande akasema, "Omba kwanza usibaki humu wewe mwenyewe."

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Mama mkwe amekwisha kufunga mizigo. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alimgeukia binti yake tu: "Mwanangu, mimi niliambiwa unaolewa na fundi umeme."

Mama Neema yuko jikoni, anasugua oveni.

Basi, dada zangu, chukueni hili: ukimkuta mume wako jikoni na hukumtuma, zima gesi kwanza, maswali baadaye.