Bingwa wa Hewa ya Same

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova, kwamba kuanzia siku ile hewa yote ya wilaya, kutoka mbuga za wafugaji hadi vilele vya Upare, ni mali ya umma. Wananchi waliombwa waendelee kuivuta kama kawaida wakati utaratibu ukiandaliwa.

Aliyetangaza alikuwa Ndugu Methusela, Katibu wa Kamati ya Mawasiliano, na hakuwa anatania. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Mashamba yalikwisha kuwa ya wote, na maduka yalikuwa njiani kuelekea huko huko. Kamati yake peke yake ndiyo ilikuwa haijataifisha kitu, na wenzake walishaanza kumuuliza hali yake kwa sauti ya kumpa pole. Ndipo alipoletewa habari kwamba huko mlimani, juu ya mji wa Same, yuko mama mmoja, mstaafu wa posta, anayeitumia hewa peke yake kushindana na Wabrazili.

Alipanda mwenyewe kwenda kuona. Akakuta waya mrefu umefungwa kutoka mkaratusi huu hadi mkaratusi ule, na ndani ya nyumba, juu ya meza, redio kubwa ya kupokea na kurusha sauti, iliyoachwa na daktari wa misheni alipokuwa anarudi kwao. Chini ya meza zilikuwa betri za lori. Mwenyewe, Mama Rahabu, alikuwa akila makande, na hakuacha kula.

"Kibali unacho?" Methusela aliuliza.

"Ninacho. Kinaisha mwezi ujao, na kipya kinataka saini yako."

Methusela akavuta kiti. Palipotakiwa saini yake alijisikia yuko nyumbani.

"Haya, nieleze. Mnashindania nini?"

"Kila mwaka, kwa siku mbili, sisi watu wa redio dunia nzima tunaitana. Atakayewapata wengi ndiye mshindi."

"Ukimpata mtu unamwambia nini?"

"Namwambia namsikia. Naye ananiambia ananisikia."

"Halafu?"

"Halafu namtafuta mwingine."

Methusela alielewa papo hapo. Hivyo ndivyo ofisi yake ilivyokuwa ikiwasiliana na mkoa tangu Uhuru, ila mkoa ulikuwa bado haujajibu.

"Na wewe umewahi kushinda?"

Rahabu akaweka kijiko chini. Hakuwa mtu wa kujishusha, na hakujisumbua kujifanya mnyenyekevu. "Mwaka jana nilikuwa wa pili Afrika nzima. Alinipita fundi saa mmoja wa Lusaka, na alicheka hewani, nikamsikia kwa masikio yangu. Mkono wangu ni mwepesi kuliko wake. Mwaka huu nitamnyamazisha."

Kamati ilikaa, ikajadili kwa kina. Iliazimia kwamba mtu mmoja akishindana huo ni ubepari, lakini kamati ikishindana huo ni ushirikiano. Kwa hiyo mashindano yataendeshwa na Katibu, Rahabu atakuwa mshauri, na kibali kitasainiwa baada ya matokeo. Rahabu alipopewa habari aliitazama redio yake kama mama anayemkabidhi mwanawe kwa mlevi ampeleke kliniki. Lakini bila saini hakuna redio. Akakubali.

Siku ilipofika, Methusela aliketi mbele ya kipaza sauti akiwa amevaa Kaunda suti iliyopigwa pasi. Ilikuwa kazi ngumu duniani kumpata mtu wa Tanzania hewani, kwa hiyo alipotaja tu nchi, sauti zilimrukia kama kuku waliomwagiwa mtama.

"Utaratibu!" aliwaambia kwa Kiingereza cha mikutano. "Pangeni foleni. Wajapani wakae upande mmoja."

Hawakupanga. Mfini mmoja aliomba mara tatu aambiwe kama anasikika, akaelezwa mafanikio ya kilimo cha kahawa. Mjerumani aliulizwa habari za mavuno kwao, na Methusela akamsubiri ajibu kwa ukamilifu. Kufikia mchana kamati ilikuwa imewapata watu wanne, mmoja wao akiwa polisi wa Korogwe aliyetaka kujua ni nani anayewaingilia.

Kisha wakaacha kumwita. Redio ikabaki inakoroma, na katikati ya mkoromo ule ikasikika sauti ya mwanamume akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba.

"Huyo ni nani?"

"Fundi saa wa Lusaka."

"Anamcheka nani?"

"Anakucheka wewe, Ndugu Katibu."

Methusela akanyanyuka kitini. Alisema kazi ya kiongozi ni kuongoza na kazi ya mtaalamu ni kutekeleza, na kwamba yeye atakuwa nyuma ya mtaalamu muda wote. Alikuwa nyuma yake kweli, juu ya mkeka, amelala. Rahabu alisukuma kipaza sauti kando, akavuta kile kidude cha kugongea simu za maandishi alichokitumia posta ujana wake wote, akaanza kugonga. Hakuinuka ila kwa lazima. Mashindano yalipokwisha, vidole vyake havikuweza kushika kikombe.

Baada ya miezi kikaja cheti kutoka ng'ambo: wa kwanza Afrika, na jina la mwendeshaji, kama kamati ilivyolijaza kwenye fomu, Methusela. Alifurahi hata akasaini kibali cha Rahabu bila kukisoma. Ukafanyika mkutano wa hadhara. Methusela akawasimulia wananchi jinsi alivyogonga usiku na mchana bila chakula. Alisimulia tena katika kijiji kilichofuata, na kilichofuata, mpaka kifundo cha mkono kikaanza kumuuma kweli, akakifunga bendeji. Rahabu alisikiliza mara moja tu, akarudi nyumbani, na jioni ile hakuigusa redio.

Sifa zilifika Moshi. Akashuka kutoka mkoani Ndugu Respicius, mtu mzito, akamwita Methusela ofisini pamoja na kamati na mshauri wake.

"Taifa linakuhitaji," alisema. "Kuna kituo cha mpakani, magharibi kabisa. Barua hufika kwa mtumbwi. Redio yao ni ya kugonga tu, na mgongaji wao amestaafu. Utaondoka kesho, kwa mwaka mmoja."

Bendeji ikamlegea Methusela mkononi. "Kwa kweli, Ndugu, ushindi ule ulikuwa wa pamoja. Hata Mama Rahabu huyu alisaidia. Sana."

"Alisaidiaje?"

Methusela akaikaza bendeji. Kusema ukweli ni kuzifuta hotuba zote za miezi mitatu kwa mdomo ule ule. Akamgeukia Rahabu, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akatamani mwananchi apewe haki yake.

"Mama, hebu tuambie," Respicius alisema. "Aligonga mwenyewe?"

Rahabu aliinua uso. Cheti kilikuwa ukutani, mbele ya macho yake, na alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Neno moja tu, na jina litabadilishwa. Alikitazama mpaka Respicius akakohoa.

"Kwa mkono wake," alisema. "Mimi kazi yangu ilikuwa kupika makande. Nilimsihi apumzike, akakataa. Mkono mwepesi kama ule sijauona. Tena msimsikilize akijishusha, ndivyo alivyo."

Respicius aliguswa. Alisema kiongozi mwenye unyenyekevu wa namna hiyo ni aibu kumpa mwaka mmoja tu. Akachukua kalamu, akaandika mitano. Kamati ikapiga makofi. Methusela naye akapiga, kwa kuwa wote walikuwa wakipiga.