Kiti cha Babu Ukumbini

Jumatatu, 6 Julai 2020

Shule zimefunguliwa. Kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa wamebandika tangazo: Jumamosi vijana wanaigiza. Mchezo ule ule wa kila mwaka, wa mjane na mwizi wa korosho. Tangu Machi tumekaa ndani tunajifukiza mpaka nguo zangu zote zinanuka mwarobaini. Ilitakiwa nifurahi. Sikufurahi. Babu Eliakimu hayupo, alifariki shule zikiwa bado zimefungwa.

Kila mwaka Sabina, anayeigiza mjane, anapepeta huku anaimba, na mwizi ananyemelea gunia nyuma yake. Kila mwaka Babu alisimama, akakohoa, akamwonya mjane kwa sauti. Watu hoi kwa kucheka. Mimi chini ya kiti kwa aibu. Sabina alishazoea. Hageuki mpaka Babu aseme.

Sasa nani atasema?

Mimi! Nimeshaandika, basi. Mimi Lois, ambaye mwalimu akiita majina naitika kwa kunong'ona hadi ananiandika sikuja. Kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, sauti ni ile ile.

Jumatano, 8 Julai

Nimefanya mazoezi shambani, peke yangu kwenye mikorosho. Mara ya kwanza haikutoka kitu. Mara ya pili ilitoka. Mjomba Benedikto, aliyekuwa anapuliza dawa ya salfa upande wa pili, akaja mbio na panga. Alidhani nyoka. Nikamwambia nilikuwa naimba tenzi. Akasema kama ndiyo hivyo nisijiunge na kwaya.

Kofia ya Babu nimeichukua kwenye msumari wake. Nayo inanuka salfa. Nitaiweka kwenye kiti pembeni yangu. Hivyo sitakuwa peke yangu nikipaza sauti.

Ijumaa, 10 Julai

Lameck! Tuko naye darasa moja. Mdomo wake ni kengele ya kanisa, na kwa ajili hiyo wamempa kazi ya kupanga viti. Amechora misalaba ya chaki sakafuni, kila kiti mbali na mwenzake. Nikamwomba kimoja kibaki wazi karibu na changu. Akataka kujua cha nani. Nikasema cha mgonjwa. Akasema mgonjwa abaki kwao, ndiyo maana ya corona.

Nilingoja aende kunywa maji, nikachora msalaba wangu mwenyewe, nikaweka kiti juu yake.

Jumamosi, 11 Julai

Siku mbaya.

Nilifika mapema. Kofia kitini, mimi pembeni, barakoa usoni. Lameck akapita, akatazama misalaba, akajikuna kichwa, akaondoka. Ushindi! Wa dakika chache tu.

Akaingia Bi Faidha, mtani wa Babu, kutoka Newala. Nikamwamkia shikamoo. Akaichukua kofia, akaivaa, akakaa. Nilitaka kumwambia kiti kina mwenyewe. Nikasogeza miguu yangu ili apate nafasi.

Ikafika penyewe. Sabina akaimba, akamaliza ubeti, akaurudia. Mwizi kashika gunia, anangoja. Wote walijua nani hayupo. Nikasimama. Nikafungua mdomo ndani ya barakoa. Hewa tu. Sabina akaanza ubeti mara ya tatu, sauti inamtetemeka. Mwizi naye akageuka kututazama, kama anayeomba ruhusa ya kuiba.

Pembeni yangu mtu akakohoa. Kikohozi cha Babu kabisa. Bi Faidha alikuwa amesimama, mkono kiunoni kama yeye, mgongo umepinda kama yeye.

"Mama, geuka! Wewe unaimba, mali inaondoka!"

Watu wakacheka hadi viti vikaanguka. Sabina akageuka, anafuta macho kwa kanga. Nikatoka mbio. Nilinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni mpaka mama mmoja aliyekuwa foleni akaniuliza kama nimeua mtu.

Jumapili, 12 Julai

Mama amenisema tangu chai. Eti nimemwaibisha Bi Faidha. Kumbe Babu alizikwa na watu wachache kwa sababu ya corona, watani wakazuiwa. Hakuna aliyemwigiza, hakuna aliyelala kaburini kudai haki yake. Mama anasema marehemu asiyetaniwa ni kama hajazikwa. Jana Bi Faidha alikuja kuimaliza kazi. Na kofia ameondoka nayo, ndiyo haki ya mtani.

Baada ya ibada nilimfuata nyumba aliyofikia kuikomboa kofia. Nilibeba kuku. Kuku alipiga kelele njia nzima kuliko mimi maisha yangu yote.

"Mrudishe kuku wenu," Bi Faidha akasema. "Mwakani simama wewe umwonye yule mjane. Ukisema nikasikia, naivua hapa kichwani nakuvalisha."

Nikaanza kulia.

"Lia kwa sauti basi, mjukuu wangu. Hata kilio unanong'ona?"

Nyumbani msumari uko mtupu. Sikula.

Jumatatu, 13 Julai

Nimepata! Mwakani Lameck atakaa nyuma yangu. Mimi nitasimama, nitachezesha midomo ndani ya barakoa, yeye atapaza sauti. Bi Faidha ni mzee, hatagundua. Kofia itarudi.

Mapumziko nilimfuata Lameck nimwombe. Sauti ikagoma. Nikamwandikia kikaratasi, nikasisitiza kuwa ni siri.

Amekisoma, akasimama, akanijibu kutoka dawati la nyuma kwamba amekubali, darasa zima likasikia na la jirani pia.

Sauti anayo kweli. Nimechagua vizuri.